Mwalimu Tunu Hajambo

Katika nchi moja ambayo jina lake hatulitaji, kwa kuwa inajijua yenyewe, hakuna mgonjwa aliyewahi kunyimwa matibabu. Hili lisemwe mapema, maana wapo watu wenye midomo wanaopenda kuichafua nchi hiyo. Mgonjwa hakunyimwa, alisubirishwa tu. Na aliposubiri vizuri, kwa utulivu na uzalendo, mara nyingi ugonjwa wenyewe ulichoka, ukaondoka naye.

Daktari Kibwana Mshindo alikuwa bingwa wa moyo katika hospitali kuu ya nchi hiyo. Ndivyo ilivyoandikwa mlangoni kwake. Ukweli ni kwamba kuanzia asubuhi hadi adhuhuri alikuwa bingwa wa simu, maana nchi ilikuwa na Mfuko wa Uzima, na ndani ya Mfuko ilikuwamo Idara ya Vibali vya Awali. Daktari hakuruhusiwa kumpasua mgonjwa, kumpiga picha ya ndani wala kumwandikia dawa yenye jina refu mpaka Idara imtolee kibali. Na Idara haikutoa kibali mpaka daktari aieleze, kwa simu, kwa maandishi na tena kwa simu, kwa nini mgonjwa anaumwa.

Waliopokea simu hizo walikuwa vijana wenye adabu na vyeti. Siku moja Daktari Kibwana aliunganishwa na afisa aliyesomea misitu. Afisa alisikiliza kwa makini sana habari za mshipa ulioziba, akashukuru kwa maelezo mazuri, kisha akauliza kama mgonjwa ameshajaribu kupogolewa. Daktari aliweka simu chini polepole, akaenda dirishani, akasimama huko mpaka nesi wa zamu, Nesi Chausiku, akamletea maji.

Katika wodi ya daktari huyo, ambayo kwa uhaba wa vitanda ilichanganya wagonjwa wa kila aina, wake kwa waume, alikuwa amelazwa Mwalimu Tunu Sefu, mwalimu mstaafu, mwanamke mwembamba aliyejifunga kanga vizuri hata kitandani. Mlango mmoja wa moyo wake, ule unaopitisha damu kwenda mwilini, ulikuwa umekaza kama bawaba yenye kutu. Akienda msalani, alirudi akihema na midomo imebadilika rangi, na mara mbili alikuwa ameanguka njiani. Mlango wa bandia wa kumwekea ulikuwapo kabatini. Daktari wa kupasua alikuwapo, na kila asubuhi aliuliza, "Vipi, leo?" Chumba cha upasuaji kilikuwapo, kinang'aa kwa kukosa kazi. Kilichokosekana ni kibali, na bila kibali Mwalimu Tunu asingeiona mvua ya vuli.

Daktari Kibwana alimpenda mgonjwa huyu kupita wagonjwa wengine, ingawa sheria ya kazi yake hairuhusu. Mwalimu Tunu ndiye aliyempokea darasa la kwanza. Nusu ya mji ilipita mikononi mwake, na kabla ya kumfundisha mtoto herufi alimfundisha salamu. Kibwana mdogo aliwahi kukosea. Mwalimu aliingia darasani akasema, "Hamjambo, watoto?" Wenzake wakaitikia kwa pamoja, na yeye akasema, "Mimi nina njaa, mwalimu." Mwalimu alimtoa nje, akampa nusu ya kiazi alichokuwa amejifungashia mwenyewe, akamwacha ale mpaka amalize, ndipo akamfinya sikio.

"Mtu akikusalimu, mwanangu, unamjibu sijambo kwanza," alimwambia. "Shida ina zamu yake."

Kibwana hakukosea tena.

Sasa, madaktari wa nchi hiyo walipoanza kuugua wao wenyewe kwa kuomba vibali, mmoja akipoteza sauti, mwingine akigoma kuongea na mkewe kwa kudhani ni Idara, Serikali ilisikia. Serikali ya nchi hiyo husikia sana. Waziri wa Afya, Uzima na Makofi, Mheshimiwa Mapambo, alitangaza mageuzi makubwa yaitwayo Tua Mzigo, Daktari.

Uzinduzi ulifanyika uwanja wa michezo. Ili jambo lieleweke kwa wananchi, kila daktari alipewa gunia la mchanga alibebe kichwani, azunguke nalo uwanja mzima, kisha alitue mbele ya Waziri kama ishara ya kutuliwa mzigo. Hospitali zilifungwa siku hiyo kwa sababu ya afya. Madaktari wawili walianguka kwa jua wakabebwa na wenzao, wakapigiwa makofi zaidi kwa kuwa wananchi walidhani nayo ni sehemu ya maonyesho.

"Ndugu zangu madaktari!" alinguruma Waziri. "Serikali yenu sikivu, tena sikivu mno, imeona! Daktari ametoka shule kusomea dawa, anageuzwa karani! Ametoka shule kusomea mshipa, anageuzwa mshika simu! Nauliza, haya ni maendeleo?"

"Siyooo!" uwanja uliitikia.

"Kuanzia leo, daktari hatamwombea mgonjwa kibali. Hataandika! Hatapiga simu! Hatafungua kinywa! Mgonjwa atapigiwa yeye mwenyewe! Nani anaujua ugonjwa kuliko mwenye ugonjwa?"

Daktari Kibwana, mchanga ukimtiririka masikioni, alilia. Alilia kwa furaha, na hakuona haya. Alikuwa akiuona mlango ule wa bandia ukitoka kabatini, na Mwalimu Tunu akitembea mpaka getini kwa miguu yake. Alipiga makofi mpaka viganja vikawaka moto.

Kazi ya kuwapigia wagonjwa haikuachiwa binadamu, kwa sababu binadamu huchelewa na huonea huruma. Ulinunuliwa mtambo kutoka ughaibuni, wenye sauti tamu ya kike, ukaitwa Dada Faraja. Baraza la Mawaziri lilikaa kikao kirefu likaamua kwamba Dada Faraja ana umri wa miaka ishirini na mbili, ili ajue nani wa kumwamkia na nani wa kumwambia mambo vipi. Mawaziri walioona ana miaka thelathini walishindwa kwa kura.

Siku mtambo ulipompigia Mwalimu Tunu, wodi nzima iligeuza vichwa. Nesi Chausiku alimwekea simu kifuani, sauti ikatoka wazi.

"Shikamoo, Bibi Tunu Sefu."

"Marahaba, mwanangu."

"Hujambo?"

"Sijambo," alisema Mwalimu Tunu, akavuta pumzi ili aendelee. Pumzi haikuja haraka. Ilipofika, simu ilikuwa imeshakatwa.

Jioni ile ile Mfuko ulituma ujumbe wenye picha ya ua waridi. Ulisema kwamba mteja amethibitisha kwa kinywa chake kuwa hajambo, kwamba Mfuko unaungana na familia yake kusherehekea afya hiyo, na kwamba ombi la upasuaji limefungwa kwa furaha.

"Adabu anayo yule binti," Mwalimu Tunu alisema, "ila mpangilio kakosea. Mwenye kuamkiwa ndiye anayeuliza hujambo, si mwenye kuamkia. Na sauti ile naijua. Nitakumbuka ni ya nani."

Wiki haikuisha kabla wodi haijajaa maua waridi. Mzee wa kitanda cha dirishani, mwenye mguu uliooza kidole, aliulizwa habari za leo, akajibu, "Nzuri, ila mguu huu..." na Dada Faraja akakata kwenye nzuri. Kijana wa bodaboda aliyevunjika paja aliulizwa, "Mambo vipi?" Akajibu, "Poa," huku akilia. Mama mmoja aliyekuwa hajitambui hakujibu kitu, Mfuko ukaandika kwamba mteja hana malalamiko. Na ofisi ya takwimu ikatangaza kwamba nchi imetokomeza magonjwa yote, isipokuwa kipindupindu kilichoingia kutoka nchi jirani bila viza.

Daktari Kibwana alivaa koti lake la heshima akaenda Idara. Mkurugenzi alimpokea vizuri, akamwagizia chai, akamsikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza, jambo ambalo daktari alilichukua kuwa dalili njema.

"Daktari," Mkurugenzi alisema, "nakuuliza swali moja tu. Mgonjwa anasema hajambo. Wewe unasema ana jambo. Nimwamini nani?"

"Mheshimiwa, ile ni salamu!"

"Salamu kwetu sisi. Mtambo umetengenezwa na wataalamu. Walipokuja hapa waliuliza, hujambo maana yake nini? Tukawaeleza kitaalamu kabisa kwamba ni kusema huna jambo, yaani huna tatizo. Walifurahi mno! Walisema hawajaona lugha ya aina hii duniani, uchunguzi mzima wa kitabibu umo ndani ya neno moja, na watu wanapimana barabarani bure, asubuhi na jioni. Wakaujenga mtambo juu ya neno hilo."

"Lakini wewe mwenyewe unajua! Mkeo akiwa na homa ukimuuliza hujambo anakujibuje?"

Mkurugenzi alifikiri kidogo, na kwa kitambo kidogo sana uso wake ukawa wa mtu. "Anajibu sijambo," alikubali. Kisha akajikohoza. "Ndiyo maana sijawahi kumpeleka hospitali. Mageuzi yameanzia nyumbani kwangu, daktari."

Hata hivyo hakuwa mtu mbaya. Alimpa ruhusa ya Rufaa ya Salamu. Kila mgonjwa wa wodi ile angepigiwa tena mara moja, Mwalimu Tunu akiwa wa Jumatatu, na hiyo ndiyo ingekuwa ya mwisho. Akisema ana jambo, kibali kitatoka hapo hapo. Akisema hajambo, hilo litakuwa limekwisha, na daktari atakayeendelea kubisha atahesabiwa kuwa anamsingizia raia ugonjwa.

Daktari alirudi mbio, akageuza wodi kuwa darasa. Alisimama katikati ya vitanda na chuma cha kutundikia dripu mkononi.

"Hujambo?" aliuliza.

"Sijambo!" wodi iliitikia.

"Hapana! Semeni, nina jambo! Hujambo?"

"Nina... jambo," walisema, wakachekana kwa haya. Kijana wa bodaboda alicheka mpaka paja likamuuma. Lakini kwa kurudia rudia ulimi ulizoea. Mzee wa kidole kilichooza, rufaa yake ilipofika, alikaza macho akafoka, "Nina jambo!" na kibali kikatoka, bahati mbaya cha kutolewa meno, lakini kibali ni kibali. Watu walimpongeza.

Mwalimu Tunu peke yake hakuitikia. Aliwatazama kama alivyokuwa akitazama darasa lenye kelele.

"Mwalimu, nakuomba," daktari alisema, akakaa ukingoni mwa kitanda. "Maneno mawili tu."

"Kibwana, mwanangu." Alikuwa akipumzika kila baada ya maneno machache. "Yule binti amenisalimu. Hajaniuliza."

"Ni mashine, Mwalimu. Haisalimu. Inatafuta njia ya kukuacha ufe."

"Basi yeye ndiye mwenye makosa. Mimi miaka yote nimewafundisha watoto wa watu... unaposalimiwa unampa mwenzako amani kwanza. Leo nimtupie shida usoni, hata hajavuka kizingiti?"

"Ulinifundisha shida ina zamu yake," Kibwana alisema. "Zamu yenyewe wameifuta, Mwalimu. Hakuna zamu tena. Kuna salamu, halafu simu inakatwa. Sikiliza, mimi ninakuhitaji. Nimewazika wagonjwa wangu wengi mwaka huu wakiwa na maua waridi kwenye simu zao, wote hawajambo. Siwezi kukuzika wewe. Nipige, nifinye sikio, lakini sema."

Alipiga magoti pale sakafuni, bingwa mzima wa moyo, mbele ya wagonjwa na wageni wao. Mwalimu Tunu alinyoosha mkono, akalishika sikio la daktari. Hakulifinya.

"Nitasema," alimwambia. "Kwa ajili yako. Inuka, utachafua suruali."

Jumapili yote alifanya mazoezi. Alilala ubavu kidogo, akageuka, akasema nina jambo kwa ukuta, kwa taa, kwa birika la chai. Alisema kwa matamshi safi, akiitenga kila silabi. Nesi Chausiku alijifanya Dada Faraja, akamwamkia na kumuuliza, na kila mara jibu lilikuwa sahihi. Daktari wa kupasua alitayarisha vifaa. Mlango wa bandia ulitolewa kabatini, ukawekwa mezani, na Kibwana akalala usingizi kwa mara ya kwanza tangu uzinduzi.

Simu ililia Jumatatu baada ya uji. Walikuwa wamemwegemeza Mwalimu Tunu kwa mito. Kijana wa bodaboda alijikokota kwa magongo akaja karibu, na mzee wa kidole akawa anasogeza midomo bila sauti, akimsaidia.

"Shikamoo, Bibi Tunu Sefu."

"Marahaba."

"Hujambo?"

Mwalimu Tunu alifungua kinywa. "Ni..." alisema. Alivuta pumzi. "Ni... na..."

Kibwana alikuwa ameng'ang'ania reli ya kitanda kwa mikono miwili. Malizia, Mwalimu, malizia.

"Samahani, sijakusikia vizuri," Dada Faraja alisema, kwa ile sauti tamu, yenye mtetemo kidogo kwenye herufi s. "Nakuuliza tena kwa heshima. Hujambo?"

Na hapo uso wa Mwalimu Tunu ulibadilika. Uling'aa. Alikuwa amekumbuka.

Ni kweli sauti ya mtambo ilikuwa ya mtu. Wataalamu wa ughaibuni walikuwa wamemkodi msichana mmoja wa mjini asome maneno mbele ya kinasa sauti kwa siku chache, wakampa nauli akaenda zake. Msichana huyo alipokuwa mdogo alikuwa na kitembe, na kulikuwa na mwalimu aliyekaa naye kila siku baada ya kengele, mpaka herufi s ikatulia na salamu yake ikasikika hadi nyuma ya darasa.

"Zamda!" Mwalimu Tunu alisema. Midomo ilikuwa rangi ya majivu, lakini macho yake yalikuwa ya darasani. "Zamda wa dawati la mbele! Sijambo, mwanangu. Sijambo kabisa. Wewe je, hujambo?"

"Hapana!" Kibwana alipiga kelele. Aliinyakua simu. "Ana jambo! Sikilizeni, ana jambo, moyo wake unafunga, ana jambo kubwa! Ana..."

"Sauti ya daktari imetambulika," Dada Faraja alisema. "Daktari, ili kukupunguzia mzigo, simu hii inakatwa. Asante, na uwe na siku njema."

Ua waridi lilifika kabla hajairudisha simu mahali pake. Kibwana alisimama pale, na alichotaka kufanya ni kumkemea mwalimu wake, kumtikisa mabega. Mwalimu Tunu alikuwa akimtazama kama mtoto aliyevunja kikombe.

"Nisamehe," alisema. "Alinisalimu vizuri mno."

Alikufa Alhamisi, mchana, wakati daktari amekwenda tena Idara kubisha. Wakati huu hakuagiziwa chai. Mfuko ulituma mwakilishi msibani, akaeleza waombolezaji kwamba kwa kumbukumbu zote za taifa marehemu alifariki akiwa mzima. Nusu ya mji ilifika kumzika, na Mheshimiwa Mapambo mwenyewe alikuwapo, kwa kuwa naye alikuwa mwanafunzi wake. Watu waliulizana hali kwa sauti za chini kaburini. Wote walijibu kwamba hawajambo.

Siku iliyofuata Daktari Kibwana alirudi wodini. Hakuwa amelala, na hakuwa amekula. Aliketi mezani kwake akiwa na maneno aliyoyapanga usiku kucha, maneno makali ambayo angemwambia mtu yeyote wa Serikali ambaye angekosea akampigia. Na simu ikalia. Ilikuwa tathmini ya mageuzi. Kila daktari wa nchi ile alikuwa akipigiwa aseme kama ametuliwa mzigo, na majibu yatasomwa bungeni.

"Shikamoo, Daktari Kibwana Mshindo," sauti ya Zamda ilisema kutoka mtamboni.

"Marahaba," alijibu, akakaza taya. Yote aliyoyapanga yalikuwa mdomoni.

"Hujambo?"

"Sijambo," alisema Kibwana.

Lilitoka lenyewe, wazi, kwa matamshi safi, kama mtoto wa darasa la kwanza aliyesimama wima kando ya dawati lake. Alijisikia akilisema. Alifunika mdomo kwa kiganja, lakini lilikuwa limeshakwenda.

"Tunafurahi kusikia hivyo. Na mzigo wako, daktari, umepungua?"

Upande wa pili wa chumba, Nesi Chausiku alikuwa akitandika shuka safi kwenye kitanda cha Mwalimu Tunu, akizikunja pembe vizuri.

"Umepungua," alisema daktari, na simu ikamshukuru.